Uliza Ujibiwe: Watu wanane botini, maji yameisha siku ya tatu

Mwezi huu barua za likizo zimekuwa nyingi, na tatu zote zinahusu boti na Bahari ya Mediterania, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Wenye maswali ya ndoa na viwanja mnisubiri toleo lijalo.

SWALI: Habari dada, mi ni Mtanzania naishi Rotterdam, mume wangu Mholanzi. Tuna boti ya tanga ya mita 12, ya mtumba ila nzuri tu, inakaa Preveza kule Ugiriki na kila mwezi wa nane tunazunguka nayo visiwa vya Ionia, Lefkada, Meganisi, Ithaca mpaka Kefalonia. Mwaka jana nikajitia kualika marafiki, familia moja toka Dar, baba mama na watoto wawili, na shoga yangu wa Mombasa na mumewe, na sisi tukawa wanane. Dada we acha tu. Masutikesi makubwa yale magumu ya magurudumu, moja tulikuwa tunaliruka kila tukienda chooni. Maji ya tenki yalikauka siku ya tatu. Choo kikaziba. Halafu siku tunafunga gatini Fiskardo mume wangu akapiga kelele "kaa chini!", basi mume wa shoga yangu kanuna mpaka siku ya kuondoka, eti kadhalilishwa mbele ya mkewe na Wazungu wanaangalia. Hela ya chakula karibu yote tulitoa sisi maana niliona haya kusema. Sasa wananiambia kwenye grupu wanarudi tena, safari hii siku kumi! Nawapenda, ni watu wangu, lakini mume wangu kasema wakija yeye anahamia hoteli. Nifanyeje?
Mke wa Nahodha, Rotterdam

JIBU: Mke wa nahodha pole, ila hongera pia, maana mgeni anayeomba kurudi hakuteseka. Walioteseka ni nyie wawili. Mi nimepika kwenye boti za kukodi huko huko Ionia na Aegean misimu kadhaa, nimehudumia wageni wa kila taifa, na nakuhakikishia choo kuziba hakuna kabila, Wajerumani wanaziba, Wafaransa wanaziba. Tofauti ni kwamba boti ya kukodi mgeni anasomewa masharti kabla hajaweka begi chini, na wewe yako uliyaficha kwa sababu ya haya. Wao walikuja wakijua wamekuja kwako nyumbani, na nyumbani kwa mtu mgeni anakaa, analetewa, bomba linatoka maji, akinyanyua sahani wewe ndo unakasirika "acha bwana we mgeni". Sasa hayo mapenzi yote ukiyahamishia kwenye chombo cha mita 12 yanageuka ugomvi. Wazee walisema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, kwenye boti jembe mpe saa ya kwanza na atalipokea vizuri tu, tena watu wengi wanachoka kukaa bure kuliko unavyodhani.

Siku kumi kataa. Boti ya mita 12 yenye kabini tatu ni ya watu sita wakiwa wanaelewana, wanane ina maana kuna watu wanalala sebuleni na hao wakilala mapema hakuna wa kukaa humo, wakichelewa hakuna wa kulala. Waambie wiki moja, na katikati siku mbili familia ya Dar ichukue chumba nchi kavu, kule Lefkada, Nidri au Vasiliki, vipo vingi kama wakiwahi kubuku. Watoto wanapata kukimbia, nyie mnapata kupumua, na mumeo anaweza kukaa na mke wake bila mtu kupita katikati kwenda kwenye friji.

Sasa maji, maana hapa ndo nadhani hakuna aliyewaambia hesabu. Boti kama yenu tenki mara nyingi ni lita 300 mpaka 500, tuseme 400. Gawa kwa watu wanane kwa siku saba, kila mtu ana lita saba kwa siku, na hizo ni za kupikia, kuosha vyombo, uso, meno, kila kitu. Bafu la nyumbani linakula lita nane hadi kumi kwa dakika moja tu. Yaani shoga yako akisimama chini ya maji akaimba wimbo mmoja kamaliza maji yake na ya mtoto wa mtu. Kwa hiyo wape hiyo hesabu kwenye grupu, namba zenyewe, watu wakiona namba hawahisi unawabania. Kuoga ni hivi: unajitupa baharini, unapanda ngazi ya nyuma, unajipaka sabuni, unajitupa tena, halafu ile shawa ndogo ya tezini, yaani nyuma ya boti, unajimwagia maji baridi nusu dakika kutoa chumvi. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari kwanza kwenye ndoo, vinasuuzwa na ya tenki mwisho. Mtu wa Uswahilini aliyekulia na ndoo na kopo hili halimshindi hata kidogo, linamshinda yule aliyezoea shawa ya hoteli, na bahati yako marafiki zako wameonja yote mawili. Maji ya kunywa nunua madumu, usiwategemee watoto wajue kutofautisha bomba lipi ni lipi. Na panga ratiba kila siku ya pili au ya tatu mlale kwenye gati lenye maji na umeme, mjaze tenki, mchaji betri na simu.

Choo. Bomba la choo cha boti kipenyo chake ni kama milimita 38, upana wa vidole viwili, na lina kona. Karatasi haliingii. Pamba haiingii, vile vitambaa vyenye unyevunyevu vya watoto ndo usiseme. Hapa watu wetu wana faida maana wengi tunatumia maji, kwa hiyo weka chupa ya maji au kopo mle ndani na kifuko cha taka chenye mfuniko kwa anayetaka karatasi ya kujikaushia. Mwonyeshe kila mgeni mmoja mmoja jinsi ya kupampu, mwambie apampu mara kumi na tano hata kama anaona pameshakuwa safi, na mpe mkono apampu mwenyewe mbele yako. Ndiyo, ni aibu ya dakika mbili. Aibu kubwa ni mumeo kulala kifudifudi na spana mwezi wa nane joto digrii 35, anafungua bomba na kila mtu anajua ni la nani, na hapo ndo hoteli inapoanza kusemwa.

Nikija kwenye ile kelele ya Fiskardo, nakuomba uielewe mwenyewe kwanza ndo umweleze mwenzio. Kule boti inafungwa kinyumenyume, unadondosha nanga mbali na gati, unarudi nyuma na mnyororo unajifungua mpaka tezi ifike karibu na ukuta, watu wawili wanarusha kamba, na Agosti pale Fiskardo nafasi zinajaa mapema mchana kwa hiyo unajipenyeza katikati ya boti mbili na upepo wa mchana, ule wanaouita maistro, unakusukuma ubavuni. Nahodha anaangalia nyuma, anaangalia nanga, injini inaunguruma, na mbele yake kasimama mtu anapiga selfi kamziba. Boti yenu ina tani nane tisa hivi. Mtu mwema akiona inaenda kugonga gati anatoa mguu aizuie, na mguu ndo unaobaki pale. Kwa hiyo "kaa chini" haikuwa dharau, ila sauti ile mtu mzima akipigiwa bila kujua sababu lazima aumie, tena na mtu asiyejua lugha yake.

Dawa yake ni kumpa kazi yule bwana. Kabla hamjafika bandarini, nusu saa kabla, mumeo ampige bega, amwambie wewe leo unashika boya la ubavu wa kulia, likae kati yetu na jirani, usitumie mkono wala mguu hata ikitokea nini. Mwingine anashika kamba ya tezi ya upande wa upepo. Wengine wote wanakaa chini kimya mpaka injini izimwe, na watoto wako ndani au wamekaa kwenye ngazi na majaketi ya kuokolea wameyavaa. Na mumeo na wewe mtumie ishara za mikono toka omo, kule mbele, mpaka tezi, dole juu pandisha nanga, dole chini shusha, ngumi simama, kelele zinapungua kabisa. Na yule bwana kabla hajakata tiketi, mumeo ampigie simu mwenyewe amwambie bro nilipaza sauti kwa ajili ya mguu wako. Wanaume wanamaliza hayo kwa dakika tatu, sisi tungechukua mwezi.

Ila masharti mengine yote usimwachie mumeo ayatoe. Yatoe wewe, kwa Kiswahili, tuma voisi kwenye grupu kabla hawajalipa tiketi, ucheke ucheke humo ndani. Nahodha mmoja, mwenye nyumba mmoja: yeye anaamua lini mnang'oa nanga na kama upepo unaruhusu, wewe unaamua chakula, maji na nani analala wapi. Mkianza kuamua wote wawili, au shoga yako akaanza "mi naona twende Zakynthos", mnajua wenyewe nahodha wengi chombo huenda mrama. Kwenye hiyo voisi sema mabegi ni yale laini ya kukunja tu, sutikesi gumu linabaki kwenye gari Preveza. Viatu vinavuliwa kwenye kikapu pale mnapopandia. Mafuta ya kujikinga jua yale ya kupuliza yanafanya sitaha iteleze, walete ya kupaka. Simu zinachajiwa injini ikiwa inawaka au tukiwa gatini.

Na pesa, useme namba. Mfuko wa pamoja, kila mtu mzima anaweka kiasi kilekile siku ya kwanza, anashika mtu mmoja asiye wewe, na humo inatoka chakula cha botini, dizeli, ada za gati, maji. Boti yenyewe ni mwaliko wenu. Hapo hapo kuwa makini, mfuko ni wa kuchangia matumizi, usianze kutoza nauli ya kupanda, hiyo tayari ni biashara na boti ya binafsi haifanyi biashara bila leseni. Kwenda taverna, ile migahawa ya Kigiriki, usiku kila familia ijilipie, na ni kawaida wageni siku moja kumtoa nahodha chakula cha jioni, wasipojua nani atawaambia kama si wewe? Mi sioni aibu yoyote hapo, harusini mbona tunachangishana mpaka watu hawajuani.

Safarini tembeeni asubuhi, maistro hupanda mchana na kutulia jioni, saa saba muwe mmeshatia nanga mahali watu wanaogelea. Anayechafukwa na roho dawa anakunywa kabla ya kuondoka, akishaanza kutapika haisaidii tena, aulize famasia na ya watoto aulize daktari. Asikae ndani na simu, akae nje aangalie mstari wa upeo, tena mpeni usukani ashike, inasaidia kweli. Na usiku wa mwisho laleni Preveza penyewe, uwanja wa ndege wa Aktion uko jirani, hakuna kukimbizana.

SWALI: Sasa sistee, mimi niko Nairobi, marafiki zangu walio Milano wamekodi boti Corfu, Ugiriki, wiki mbili Julai na wamenialika. Nimeambiwa visa ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, inatosha. Lakini kwenye programu yao nimeona siku ya nne wanavuka kula lunch Saranda, Albania, halafu wanarudi. Kuna shida? Na kwenye fomu anwani ya kukaa niandike nini, bahari?
Jamaa wa Nairobi

JIBU: Kuna shida kubwa, na umefanya vizuri kuuliza kabla. Corfu na Saranda mnaonana, jioni unaona taa, lakini Ugiriki iko Schengen na Albania haiko. Wenzako wana pasi au vibali vya Italia, wanavuka na kurudi hawafikirii. Wewe ukipewa visa ya kuingia mara moja, ukishaandikwa umetoka Corfu visa yako imeisha pale pale hata kama ina siku kumi zimebaki, lunch unakula halafu unabaki gatini unawapungia mkono. Mchezo ni uleule kwa wanaotoka Kos, Ugiriki, kwenda Bodrum, maana Uturuki nayo iko nje, na Montenegro pia. Kroatia zamani ilikuwa hivyohivyo ila imeingia Schengen tarehe 1 Januari 2023.

Kwa hiyo ama uombe visa ya kuingia mara nyingi na ueleze sababu kwenye barua, na uangalie masharti ya Albania yenyewe kwa pasi ya Kenya, ama uwaambie wenzako waifute Saranda. Mi ningewaambia waifute. Kisiwa cha Paxos kiko kusini tu, bandari zake za Gaios na Lakka ni pazuri mno na hakuna mtu atakuomba pasi.

Visa unaomba kwa Wagiriki maana ndiko utakapolala siku nyingi, usidanganywe kuomba Italia eti kwa sababu marafiki wako huko. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla, na mwisho siku 15 kabla, ila hizo siku 15 usizijaribu, Julai na Agosti miadi inakuwa shida. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Anwani usiandike bahari bwana. Mwambie aliyekodi boti akutumie mkataba wa kukodi wenye jina la boti, marina mnayoanzia na tarehe, na jina lako liwe kwenye orodha ya watu wa boti, maana orodha hiyo inatakiwa hata na polisi wa bandari. Ukiweza buku hoteli ya usiku wa kwanza na wa mwisho Corfu mjini, fomu inapata anwani ya nchi kavu na wewe unapata kuoga maji ya kutosha.

Kwenye begi usibebe nyama kavu wala maziwa, nyama na maziwa toka nje ya Umoja wa Ulaya havipiti. Hata embe linataka cheti cha afya ya mimea, nanasi, ndizi, nazi na tende ndo vinapita hivihivi. Unga wa ugali beba, hakuna atakayekusumbua.

SWALI: Shikamoo bibi mhariri. Mimi ni Mzanzibari nafanya kazi Muscat. Rafiki yangu niliyesoma nae amenialika kwenye boti Kroatia, Split mpaka Hvar na Vis, watu watano wanawake watupu. Navaa hijabu, nakula halali, nasali, na kusema kweli kuogelea sijui ingawa nimezaliwa Nungwi. Niende au nitakuwa mzigo?
Bint Nungwi

JIBU: Marahaba mwanangu, nenda! Ila leo hii mwandikie rafiki yako umwambie kuwa hujui kuogelea, hilo ndo la kwanza kuliko yote. Watu wa pwani tunaona haya kulisema wakati tuko wengi kweli. Unguja umezoea maji yanakupwa, sehemu nyingi unatembea kwa miguu mbali huko, kwetu bamvua likija tofauti ya kujaa na kupwa inafika kama mita nne. Mediterania maji hayapwi wala hayajai ya kuonekana, sehemu nyingi haifiki hata nusu mita, kwa hiyo hakuna pa kutembelea, na zile pwani za mawe ukishuka hatua chache tu huna chini. Vaa jaketi la kuokolea muda wote chombo kinatembea, na kwenye kimashua cha mpira cha kwendea ufukweni pia. Ukitaka kuingia majini jifunge jaketi, shika ngazi, na mtu mmoja awe amekuangalia wewe tu. Omba jaketi la saizi yako na ulijaribu siku ya kwanza gatini. Vaa viatu vya mpira vya baharini, miamba ya kule imejaa vile vidude vyeusi vya miiba mirefu unavijua. Maji Agosti ni digrii 24 mpaka 26 hivi, wewe uliyezoea Muscat utatetemeka kidogo.

Chakula sio kazi, nyama halali visiwani usiitegemee, kula samaki, pweza, ngisi, dagaa wa kukaanga, mboga na maharage, na umwambie mpishi mapema mvinyo usitiwe kwenye mchuzi wala kwenye wali mweusi wa ngisi, maana wao hutia bila kufikiri. Kusali botini inawezekana, kibla toka kule ni kusini mashariki, ila boti ikiwa kwenye nanga inazunguka na upepo, kwa hiyo angalia dira ya chombo kila mara unapoanza, au shuka ufukweni. Nguo ya kuogelea ya kujifunika vaa, mko wanawake watupu na bahari yote yenu. Hijabu chukua za pamba za kuvaa bila pini, upepo wa huko unang'oa pini na pini ikidondoka sitahani inakanyagwa na watu wasiovaa viatu.

Zawadi ya mwenyeji usipeleke kitu cha kioo wala kinachosimama, kitavunjika siku ya kwanza ya mawimbi. Peleka tende, iliki, zafarani na kahawa, na ujitolee kupika siku mbili, pilau ya pweza kwa sufuria moja, jiko la boti lina mafiga mawili tu. Ushike na kazi ya kufunika sufuria kabla hamjang'oa nanga.